Kabla hujanishindanisha na Swift yako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema Suzuki Swift yako ingeiacha MGB yangu, lile gari la michezo la Kiingereza, kwenye taa kabla sijaingiza gia ya pili. Nikakaa kupiga hesabu. MGB yangu ya mwaka 1965 ina injini ya cc 1798, kabureta mbili (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) na nguvu za farasi 95. Swift yako ya 2017 ina cc 1242 na nguvu za farasi 90. Uzito haupishani sana, na kufika kilomita 100 kwa saa kila moja inataka kama sekunde 12. Hapo hunishindi, mwanangu. Unanishinda kwenye mafuta: lako linakunywa karibu nusu ya langu, kwa sababu kompyuta yake inapima petroli na hewa bila kuchoka, kazi ambayo mimi naifanya kwa bisibisi na masikio.

Hayo masikio nayapenda kuliko mwendo wenyewe. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa. Unashika kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo. Kisha unahamia ya pili. Zikipishana, unagusa skrubu kidogo, unasikiliza tena. Ulikuwa ukinishikia tochi ukiwa na miaka saba, unakumbuka? Na barabarani, usukani usio na pawa unakuletea kila kokoto mkononi. Umekaa chini kabisa, kilomita 60 zinakuwa mbio za kweli.

Ila lipo jambo sijawahi kukuambia. Jioni moja ya mvua ulikuwa kando yangu, gari la mbele likasimama ghafla. Nilikanyaga breki, magurudumu yakajifunga, tukateleza na kugeuka mpaka tukawa tunatazama tulikotoka. Gari lile halina ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, wala mikoba ya hewa, na mlangoni ni bati tu. Wewe ulicheka, ukadhani ni mchezo. Mimi nilitetemeka mikono mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo sikukupakia tena wakati wa mvua, nawe ukaamini nalinda rangi.

Kwa hiyo lile wazo lako la kuuza Swift ununue gari la kale la kwendea kazini, nakuomba uliache. Gari lako linajua kushika breki bila kufunga magurudumu, na mimi nalala usingizi nikijua uko ndani yake.

La kwangu njoo uliendeshe Jumamosi, barabara ikiwa kavu. Vuta choki yote, ule mpini unaoongeza petroli injini ikiwa baridi, usikanyage pedali ya mafuta, washa. Injini ikishika, rudisha choki polepole hadi muungurumo utulie. Na gia ya kwanza usiiingize gari likiwa bado linatembea, italia. Nitakaa upande wako ule wa zamani.

Mama yako