Tumfundishe Fourier kwa bamvua

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa mwambao: tusimfundishe Fourier, mwanahisabati Mfaransa aliyeonyesha kuwa wimbi tata ni jumla ya mawimbi sahili, ubaoni tu.

Mwaka jana wanafunzi wangu nami tulisimika boriti ya mkoko yenye alama za sentimita, mahali pasipokauka maji yakipwa. Tulisoma kina kila saa, usiku kwa tochi na kwa zamu, siku 30. Vipimo 720. Siku ya saba, kwa pupa, tuliingiza tulivyokwisha kupata kwenye kompyuta tukafanya mgeuzo wa Fourier, yaani hesabu inayolichambua wimbi kuonyesha mizunguko iliyomo ndani yake. Kwenye grafu kikatokea kilele kimoja kinene, karibu na mzunguko wa saa 12. Vijana wakavunjika moyo. Niliwaambia wavumilie, maana mizunguko miwili inayokaribiana haitengani mpaka uipime muda wa kutosha.

Siku 30 zilipotimia, kilele kile kiligawanyika: kimoja cha mwezi, saa 12 na dakika 25, kingine cha jua, saa 12 kamili. Mawimbi hayo mawili yakienda pamoja ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana; yakipingana ni maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo; kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi. Mtoto wa mvuvi alitoka mbio kumwita baba yake aje aone. Mzee akatazama kioo cha kompyuta kimya, kisha akaanza kuhesabu mwandamo wa mwezi kwa vidole.

Uingereza, mwanafizikia William Thomson aliyachambua maji ya bahari kwa njia hii tangu miaka ya 1860. Sisi tuna bahari mlangoni! Shule yoyote ikitaka vipimo vyetu, tutawapa.

Mwalimu wa fizikia,
Tanga