Kupinga ankara ya Sh 1,146,960 ya matengenezo ya bomba la bafuni

Tabata Segerea,
Dar es Salaam.
19 Februari 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Juzi Jumatatu nililetewa ankara yenu ya Sh 1,146,960 kwa kazi ambayo fundi wenu aliikadiria, kwa mkono wake na kwenye karatasi yenye nembo yenu, kuwa Sh 385,000. Nilikwisha kulipa Sh 200,000 za kuanzia. Ankara hii siikubali.

Niliwapigia simu kwa sababu mita ya maji ilikuwa ikizunguka usiku kucha hali koki zote zimefungwa, na ukuta kati ya bafu na chumba cha mama ulikuwa umeanza kuvimba rangi. Mhudumu wenu aliniambia ukaguzi ni bure. Jumamosi tarehe 8 fundi alikuja, akagonga ukuta, akaandika kotesheni: vifaa Sh 165,000, ufundi Sh 220,000. Chini akapiga mstari na kuandika "Jumla Kuu". Hakuna mahali palipotajwa nyongeza, wala VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani.

Kwenye ankara, ule ukaguzi wa bure umekuwa Sh 50,000. Kuna usafiri Sh 40,000 ambao sikuwahi kuusikia. Vifaa vimefika Sh 402,000. Nilipopiga simu ofisini niliambiwa vifaa vimepanda bei. Kati ya Jumamosi na Jumanne?

Mmeandika bomba 6 za PPR, zile za plastiki ngumu. Bomba moja lina urefu wa mita 4, kwa hiyo mnanidai mita 24. Nimepima sehemu yote iliyochimbwa ukutani: mita 2 na sentimita 70. Mmeandika mifuko 3 ya saruji. Uliletwa mmoja, na nusu yake iko stoo kwangu hadi leo. Mmeandika katoni 2 za marumaru kwa Sh 76,000. Marumaru zile zilikuwa zangu. Zilibaki tulipojenga mwaka 2016, nikaitoa katoni mwenyewe chini ya kitanda, na fundi wenu akaifungua mbele yangu. Zina ua dogo la bluu kwenye kona, na zilizopo ukutani zina ua hilo hilo. Zimebaki 5.

Ufundi ndio umenishangaza zaidi: mafundi 3 kwa siku 4, kila mmoja Sh 40,000 kwa siku, jumla Sh 480,000. Waliokuja ni fundi mmoja na saidia fundi wake. Jumanne tarehe 11 walifika saa nne asubuhi, nami ndiye niliyewafungulia geti. Jumatano walimaliza mchana, wakafunga mifuko yao wakaondoka. Mama yangu ndiye aliyeshinda nao nyumbani, na siku zote mbili aliwapikia chai na ugali. Alitoa vikombe viwili na sahani mbili. Huyo fundi wa tatu mama hakumwona, na mama hawezi kumwacha mtu afanye kazi nyumbani kwake bila kula.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko hesabu zote hizi. Ofisi yenu imenijibu kwamba siwezi kulalamika kwa kuwa "mama alisaini". Mama ana miaka 71. Jumatano ile aliletewa fomu akiwa jikoni, hana miwani, akaambiwa, "Mama, weka saini hapa kuonyesha kazi imekwisha." Akasaini kwa sababu ni kweli kazi ilikuwa imekwisha, na ni mtu anayeamini kijana anayemwamkia shikamoo. Anakumbuka vizuri kwamba nafasi za idadi ya mafundi na siku zilikuwa wazi. Nani alizijaza, na lini? Tangu ankara ije, mama anajilaumu kwamba ameniingiza kwenye deni. Hilo siwezi kulinyamazia.

Nakiri jambo moja. Jumanne mchana fundi alinipigia kuomba aongeze geti valvu, koki ya kufungia maji, kwa Sh 28,000, nikakubali. Kumbe mnajua kuomba idhini mnapotaka. Kwa hiyo hesabu yangu ni Sh 385,000 kuongeza Sh 28,000, yaani Sh 413,000. Nikitoa nilizolipa, mnanidai Sh 213,000. Hizo ziko tayari. Kazi yenyewe siilaumu, maana ukuta umekauka na mita imetulia.

Kuhusu VAT ya Sh 174,960: anayetoza kodi hiyo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na atoe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki. Kwa Sh 200,000 zangu nilipewa risiti ya kitabu iliyoandikwa kwa kalamu, na ankara yenu haina namba ya usajili wa VAT. Siwezi kulipa kodi isiyo na risiti.

Naomba ndani ya siku 14 nipate ankara iliyorekebishwa, risiti ya EFD ya fedha nilizolipa, na nakala ya fomu aliyosaini mama. Naomba pia mtu wa ofisi yenu ampigie mama simu na kumwomba radhi. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka kotesheni, ankara na picha zangu Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Kama mna shaka na vipimo vyangu, mtumeni msimamizi aje na futi yake. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni. Marumaru 5, nusu mfuko wa saruji na kile kiwiko cha bomba cha zamani kilichopasuka nimevihifadhi pamoja stoo.

Wako,
Mteja wenu, Tabata Segerea

Viambatisho: nakala ya kotesheni ya tarehe 8 Februari, ankara, risiti ya kitabu, na picha 6.