Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Maandiko Yetu ya Ruzuku Yanarudi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia fedha za utafiti na ubunifu, kwa sababu maandiko yetu mengi yanarudi.

Ruzuku ya utafiti, kama zile zinazopitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), si mtaji. Hulipia kujua jambo ambalo bado halijajulikana. Msindikaji wa Rungwe akiandika "naomba mashine ya kukamulia mafuta ya parachichi", amekosea dirisha. Hilo ni la mkopo, aende SIDO (shirika la viwanda vidogo) au benki. Andiko lingesimama kama lingeuliza: rojo la parachichi aina ya Hass likikandwa dakika 40 au 60, kwa nyuzi joto 45 au 50, mafuta yanatoka kiasi gani, na asidi huru, inayoonyesha mafuta kuharibika, inapanda kiasi gani? Hapo kuna cha kupima, na jibu lina faida hata likiwa "haifai".

Kwa upande mwingine, krispi za viazi kugeuka kahawia si swali la utafiti, jibu lake lipo tayari. Viazi vilivyokaa kwenye baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari, nayo huungua kwenye mafuta. Viwekeni kwenye nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki mbili au tatu, kisha mkaange kidogo kwa majaribio.

Barua ya mshirika, awe MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo), itaje nani atapima nini na kwa bei gani. Barua ya "tunamtambua mwombaji" haina uzito.

Tunakoumia zaidi ni kwenye bajeti. Proforma (ankara ya awali) ya shilingi 5,000,000 isiyo na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha asilimia 18 inakuwa 5,900,000 siku ya kulipa, na ruzuku haiongezeki. Fedha kwa kawaida huja kwa awamu, na inayofuata husubiri taarifa na risiti. Mkulima anayekuuzia parachichi hana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, kwa hiyo andaeni hati ya malipo yenye kilo, bei, jina na sahihi, na mlitaje hilo ndani ya andiko tangu mwanzo.

Mwenye kifaa kipya alichobuni apite BRELA, wanaosajili hataza, kabla ya kukipeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale. Kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukosa sifa ya upya.

Katibu anapokea ukurasa mmoja kwa kila mwombaji: swali, kipimo, mshirika, na gharama pamoja na VAT. Wa parachichi watangulie, msimu hausubiri awamu.