Peugeot haikufa kwa ubovu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nimjibu kijana aliyeandika wiki iliyopita kwamba Peugeot zilitoweka katika barabara zetu kwa kuwa zilikuwa "magari ya wakubwa, mepesi kuharibika". Sina ugomvi naye. Kwa alivyoandika, ni mtu aliyezaliwa akakuta Toyota zimeshajaa hadi vichochoroni, na kila mtu husema alichokiona. Lakini mimi nimekula Peugeot, nimevaa Peugeot, na mahari ya mke wangu ilitoka katika nauli za Malindi. Hilo la wepesi wa kuharibika siwezi kulimeza.

Nilishika usukani mwanzoni mwa miaka ya 1970, gari likiwa Peugeot 404 stesheni wagoni ya tajiri mmoja wa Malindi. Kabla ya Nissan za abiria 14, msafiri mwenye haraka alipanda Peugeot: Nairobi kwenda Nakuru, Nakuru kwenda Kisumu, na huku kwetu Mombasa kwenda Malindi. Basi lilikuwa la mwenye subira na mwenye kuku. Peugeot haikuwa na manamba. Dereva mwenyewe ndiye aliyepakia, akatoza, akafunga mizigo juu ya keria. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu na gia iko kwenye usukani, kwa hiyo kati ya dereva na abiria wa dirishani alikaa mtu wa tatu bila kugongwa goti. Nyuma safu mbili za viti. Kiwandani walikuwa na hesabu yao ya abiria, sisi tulikuwa na yetu.

Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 tu. Kilichokula wakati ni maji. Unatoka mjini kwa daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea, ambalo jipya lilikuja kulirithi mwaka 1980. Kisha unafika Mnarani unakuta foleni ya kivuko cha Kilifi, malori mbele, mabasi mbele, na feri iko ng'ambo. Abiria wanashuka kununua korosho na madafu. Wewe unafungua boneti upunge hewa, unakagua maji ya rejeta, unakaza kamba za keria maana juu kuna magunia ya maembe wakati wa kwenda Mombasa, au papa mkavu ambaye harufu yake abiria wa Nairobi hawakuiweza. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Mpaka hapo gari lolote la njia ile lilikuwa linapanda na kushuka katika feri likiwa na mzigo kamili, kila siku ya Mungu, na hewa ya chumvi inalila bati. Hilo ndilo lililokuwa shule ya magari yetu. Nyingi zilifeli. Peugeot ilifaulu.

Kijana wetu ameandika pia kuwa sifa za gari lile ni hadithi za wazee. Basi nimpe zisizo za wazee. Katika mashindano ya magari ya Safari Rally, yale ya wakati wa Pasaka, 404 ilishinda mwaka 1963 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, mwaka ambao magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akashinda na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na safari hiyo yaliondoka magari 93, yakafika tena 7. Kisha zamu ya 504: Ove Andersson mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Hii ya mwisho siitilii maanani sana, kwa sababu ilikuwa ya milango miwili na injini ya silinda sita, si gari ambalo mimi na wewe tungeliona Bombolulu. Lakini zile za kwanza zilifanana na iliyokuwa imeegeshwa chini ya mwembe wa jirani yako. Wiki ya Pasaka inapokwisha, watu walikuwa wakija stendi wanauliza, "Hii ndiyo ile iliyoshinda?" Ukijibu ndiyo, hawabishani nauli.

Na huyo Ove Andersson, tazama mambo ya dunia. Huyo huyo aliyeipa Peugeot ushindi ndiye aliyeijengea Toyota timu yake ya mashindano Ulaya, na Toyota za timu hiyo zikachukua Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Sisi madereva tulikuwa tunatazama bila kujua kwamba tunaoneshwa yajayo.

Nirudi kwenye ubovu, maana ndilo neno lililonifanya nitafute kalamu. Gari huwa bovu au zima mbele ya fundi, si mbele ya msomaji wa gazeti. Injini ya Peugeot zile ilikuwa na silivu za kuchomoa, yaani yale mapipa ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Pistoni na ringi zikichoka, fundi anafungua hedi, anavuta silivu kuukuu kama mtu anayetoa bilauri katika kasha, anaingiza nyingine na pistoni yake, basi. Hakuna kupeleka bloku kwa mchonga vyuma wala kubahatisha saizi. Fundi wangu wa Majengo, Mungu amrehemu, hakuwa na winchi. Injini aliing'oa kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi la mwembe, na siku ya pili jioni gari liko barabarani. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, gurudumu lina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, kwa hiyo kwenye barabara ya makorongo gari halikurukaruka, lilipita kama linaogelea. Tena stesheni wagoni 504 waliipa springi nne nyuma, mbili kila upande, ndiyo maana ilibeba mawe ya Jaribuni bila kulia.

Sitaki kudanganya kwamba haikuwa na kasoro. Kutu. Huku pwani kutu iliila sakafu mpaka mwanangu akiwa nyuma anaiona lami. Bushi za gia zililegea, ukitafuta ya tatu unapata ya kwanza. Yenye dizeli ilikuwa na moshi na uvivu wa asubuhi, ukitaka kuwahi swala unaiwasha kabla ya adhana. Na ukiiacha ikachemka, hedi gasketi haikusamehe. Lakini hizi ni kasoro ambazo fundi wa mtaani alizijua kwa majina, na dawa yake iko Kariakor au Mwembe Tayari kwa bei ya mtu wa kawaida.

Yangu mwenyewe niliipata kwenye mnada wa serikali, miaka ya 1980 ikiyoyoma: 504 stesheni wagoni iliyokuwa na namba za GK, ikapewa namba ya kiraia, zile za kabla ya KAA. Hapo ndipo ninapokubaliana na kijana kwa nusu. Ni kweli wakubwa walizipanda. Makatibu wakuu walizipanda, wakuu wa wilaya walizipanda. Lakini zikishatoka kwao zilishuka kwetu, zikapakia mbuzi, zikapeleka wajawazito hospitali usiku, zikafanya miaka mingine ishirini. Gari la mkubwa linalokubali kuja kuwa la mnyonge si gari la wakubwa tu.

Kuna jambo jingine ambalo barua ile imelisahau kabisa. Peugeot 504 ilikuwa inaunganishwa hapa hapa, Miritini, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni zake mwaka 1983, lakini huku Afrika ziliendelea kutoka viwandani miaka mingi baadaye. Nigeria, kule Kaduna, walifika nazo mpaka mwaka 2006. Hebu fikiri maana yake kwa dereva. Waliounganisha gari lako ni majirani zako. Ukikwama na nyaya za taa, unamtafuta anayetoka zamu, anakwambia waya upi unaenda wapi bila kufungua kitabu. Mimi nimefanyiwa hivyo Changamwe kwa bei ya chai na mahamri.

Watengenezaji wenyewe hawakuwa wageni katika kazi ya chuma. Ni familia ya mashariki ya Ufaransa iliyogeuza kinu cha nafaka kuwa kiwanda cha chuma mwaka 1810, ikauza misumeno, na yule simba mnayemwona mbele ya gari aliandikishwa mwaka 1858 kuwa alama ya misumeno hiyo. Walitengeneza vinu vya kusagia kahawa na pilipili manga (mke wangu aliposikia hilo alisema, basi ndiyo maana gari lako lanuka pilau), kisha baiskeli, na gari la kwanza, la mvuke, mwaka 1889. Sifuri ya katikati ya namba za magari yao waliianza na 201 mwaka 1929, wakailinda kama mlango wa nyumba: mwaka 1964 waliwalazimisha Porsche kubadili jina la gari lao jipya kutoka 901 kuwa 911.

Sasa iliuawa na nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya kuingiza magari ilifunguliwa, na bandari yetu ikapokea mitumba kutoka Japani na Dubai. Mtu aliyekuwa akikusanya fedha miaka kumi apate 504 aliona Toyota iliyotumika, nyeupe, ina redio na kiyoyozi, kwa bei iliyo chini yake. Nani angekataa? Mimi mwenyewe nisingemlaumu. Peugeot wenyewe nao wakaleta 405 na 406, magari mazuri ya lami, lakini yanayovutwa na magurudumu ya mbele na yasiyopenda mchanga wa Ganze, tena spea zake zilimtoa jasho mwenye mshahara. Serikali ikageukia kwingine. Mwaka 2009 tukaambiwa mawaziri wote wapande Volkswagen Passat. Stendi zikajaa Nissan. Hapo hakuna gari lililokufa kwa ubovu. Lilipoteza soko, kama duka zuri linavyofungwa kwa barabara kuhamishwa.

Tena nilisoma kwa furaha, mwaka 2017, kwamba Peugeot zimeanza kuunganishwa upya, mara hii Thika, kuanzia 508. Furaha yangu ilikuwa na wasiwasi ndani yake, na wasiwasi huo hauhusu Peugeot peke yake. Mpwa wangu ni dereva wa ofisi fulani Nairobi. Gari lao jipya, la kampuni nyingine ambayo sitaitaja, lilisimama njiani kwa sababu ya taa moja iliyowaka kwenye dashibodi. Injini nzima, mafuta yamo, betri nzima. Liliketi gereji mpaka mwenye kompyuta ya kulisoma alipopatikana, na alipokuja alikuta kihisi kidogo kimeshika unyevu. Huku nyumbani, duka moja la spea liliniuzia beringi ya gurudumu ndani ya kijisanduku kilichochapishwa vizuri kabisa, ikalia kabla sijafika Takaungu. Mzee atajua wapi ya kweli na wapi ya bandia, ikiwa wanaozitengeneza za kweli wameondoka?

Sheria yetu inataka gari la mtumba lisizidi miaka 8. Nia yake naiona, moshi na ajali. Lakini matokeo yake kwa fundi ni kwamba kila akishajua tumbo la gari moja, bandarini wameshashusha jingine lenye tumbo jipya. 504 ilikaa kwetu muda mrefu kiasi kwamba baba alimfundisha mwana injini ile ile. Ndiyo sababu nasema, wanaotaka sifa ya kuunganisha magari nchini wasiulizwe tu wametoa ajira ngapi. Waulizwe spea zitauzwa hapa kwa miaka mingapi baada ya gari kutoka, na kama vitabu vya ufundi vitafika katika vyuo vya kule Kaloleni na Msambweni, au vitabaki katika kabati la wakala. Mbunge wetu ni mtu wa kamati. Anaweza kuuliza hilo bila gharama yoyote.

Nawe Mhariri nakuomba umtume mwandishi mmoja Miritini na Changamwe. Wako wazee waliofunga milango ya 504 kwa mikono yao, na wengine tunawazika. Wanakumbuka mengi kuliko mimi, maana mimi nilikuwa naendesha tu.

La mwisho ni haja yangu binafsi. Stesheni wagoni yangu bado inatembea, ila kioo cha mlango wa nyuma kimepasuka tangu Ramadhani iliyopita, na ninatafuta pia bushi za gia. Msomaji mwenye gari lililolala uani aniletee habari kupitia gazeti hili. Nitalipa bei ya haki na nitakuja kuchukua mwenyewe. Mwenye za bandia asijisumbue.

Dereva mstaafu,
Mnarani, Kilifi