Barua kwa mwanangu aliyepewa nafasi ya kwotabeki

Mwanangu,

Hujambo, baba? Hongera kwa kupewa nafasi ya kuongoza mashambulizi na kurusha mpira. Kuanzia sasa kila atakayekutana nawe atakusifia mkono: unavyorusha mbali, mpira unavyozunguka hewani bila kuyumba. Pokea sifa, usibishane na mtu. Ila mkono peke yake hauwafanyi wenzako kumi wakuamini. Katika mpira huu wa Kimarekani, makosa mengi ya kwotabeki huonekana kwenye jezi ya mtu mwingine. Jukwaa linamzomea yeye, kumbe chanzo ni wewe, na wenzako wanajua hata kama hawasemi. Kwa hiyo anza kwa kuyatambua yaliyo yako.

Chukua lile la kuangushwa na mpira ukiwa mkononi. Watu hukimbilia kuwalaumu wale watano wa mbele wanaokukinga. Tuseme mpango unakutaka urudi nyuma hatua tano kisha usimame. Hatua hizo hukufikisha kama yadi 7 nyuma ya mstari mpira unapoanzia, na mlinzi wako wa mwisho kushoto anafanya kazi kwa kipimo hichohicho. Hamsimamishi papo hapo mvamizi, yule mpinzani anayekuja kukuangusha, maana jitu la kilo 110 linalokuja mbio halisimamishwi kirahisi. Anachofanya ni kumsukumia nje, azunguke apite nyuma yako. Sasa ukiingiwa na wasiwasi ukasogea hadi yadi 10, umejipeleka mwenyewe kwenye njia anayopitishwa mvamizi. Mlinzi kafanya kazi yake sawasawa, lakini kwenye video ataonekana ndiye aliyepitwa. Dawa ni kusogea mbele hatua moja au mbili badala ya kurudi nyuma, macho yakiwa kwa wapokeaji, na mpira utoke mkononi ndani ya sekunde 3 hivi. Ukiangushwa kwa kuung'ang'ania, mwambie mlinzi palepale mnapoinuka: "Hiyo ni yangu." Basi. Usimkazie macho wala usirushe mikono juu. Jukwaa zima linakuona, na mama yake yumo humo.

Mpira kumponyoka mpokeaji nako kuna mengi. Anayekata kupita katikati ya uwanja anautazama mpira, hamwoni beki anayemjia. Ukimrushia juu, atanyoosha mikono na kuziacha mbavu wazi. Akigongwa namna hiyo mara mbili, mara ya tatu atasikilizia kishindo kabla mpira haujafika, halafu mtasema ana mikono ya siagi. Katikati ya uwanja mpira uende kifuani au chini kidogo, ili aweze kujikunja akishaudaka. Pembeni, uweke upande wa nje, mahali ambapo akiukosa yeye utatoka nje na beki hataupata. Na akiwa yadi 5 tu kutoka kwako, punguza nguvu. Kuna vijana wanaomtwanga mwenzao wa karibu kwa nguvu ya yadi 40, kisha wanamlaumu kwa kuudondosha. Ikitokea kaudondosha mpira mzuri kabisa, usimhubirie. Mrejeshee pasi fupi nyepesi mapema, ulinzi ukiruhusu, ili mikono yake isahau.

Halafu kuna mwito, ile sauti yako ya kuwaambia wenzako waondoke. Mtu wa mbele akiruka kabla ya mpira kutolewa, adhabu ni yadi 5 na namba itakayotangazwa ni yake. Lakini msikilize kwotabeki aliyeita: mara nyingi mwanzoni alikuwa anaita taratibu, sasa muda unakwisha na sauti imepanda, imekuwa fupi, imekatika. Wale watano wanaondoka kwa kusikia, hawauoni mpira vizuri. Mwito wako uwe na kasi ileile dakika ya kwanza na ya mwisho. Ukitaka kubadilisha sauti ili kuwahadaa wapinzani waruke, sawa, ni hila halali, ila wako wawe wameambiwa tangu kwenye duara mnalokusanyika kabla ya kila shambulizi.

Senta, yule wa katikati ya mstari anayekutolea mpira, ndiye mtu wa kwanza kuzoeana naye. Mkisimama karibu kwa ajili ya kupokezana, mkono wako wa kulia uwe juu, wa kushoto chini, visigino vya viganja vimegusana, na ule wa juu umbonyeze kidogo ili ajue pa kuuleta mpira. Kosa la kawaida ni kuwahi kuondoa mikono kwa sababu miguu ina haraka ya kuondoka. Senta naye anasonga mbele kwenda kumkabili mtu wake, kwa hiyo mikono yako lazima imsindikize mpaka mpira utue. Ukikaa kama yadi 5 nyuma yake, mwambie unapenda mpira ufike wapi, nyonga ya kulia au kitovu, na usibadilishe kila wiki. Fikeni uwanjani mapema kabla ya kila mazoezi, mpokezane mpira mara 25 kwa karibu na mara 25 kwa mbali. Sehemu yake iwe kwa mpira uliolowa, kwa sababu Oktoba ya Ohio unaijua.

Sasa duara. Mmoja wa waliokuwa wa kwanza kulitumia alikuwa kwotabeki Paul Hubbard wa chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, katika miaka ya 1890. Inaelezwa kwamba aliwakusanya wenzake wakawapa migongo wapinzani, kwani hata wapinzani walikuwa wanazijua ishara za mikono. Duara lako litumike kwa kazi ileile: kupeana habari bila kelele. Mna sekunde 40 kutoka shambulizi moja hadi jingine, na katika hizo kuna kusikia mpango kutoka kwa kocha, kuutoa, kujipanga, na kuusoma ulinzi. Makwotabeki wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, wana redio ya kumsikia kocha kwenye helmeti tangu 1994, na hata hiyo hukatwa zikibaki sekunde 15. Wewe utategemea ishara na kadi ya mipango iliyofungwa mkono wa kushoto, basi isome kabla hujaingia kwenye duara. Sema mpangilio kwanza, kisha mpango, kisha mwito wa kuondokea, rudia mara moja, achaneni. Usiuweke mwito wa kuondokea mwanzoni, wataukumbuka na kusahau mengine. Ndani ya duara anaongea mmoja. Mpokeaji mwenye la kusema, kwamba beki wake anacheza mbali au anachechemea, akuambie mnaporudi. Msikilize kweli, kwa kuwa anaona usichokiona; na akiwa sahihi, mwambie kocha ni nani aliyekuambia.

Wakati wa joto utakuja. Januari 1989 huko Miami, kwenye fainali ya NFL, San Francisco 49ers walikuwa nyuma 16 kwa 13, zimebaki dakika 3 na ushei, na mpira uko yadi 8 tu kutoka mstari wao wenyewe wa goli. Wenzake kwotabeki wao Joe Montana wanasimulia kwamba wakiwa wamekakamaa, yeye alimwonyesha mmoja wao mchekeshaji John Candy aliyekuwa amesimama pembeni kwenye umati. Halafu akawapeleka yadi 92, wakashinda 20 kwa 16. (Walioonewa ni Cincinnati, timu ya hapa Ohio, kwa hiyo kisa hiki usikisimulie kwa jirani yetu.) Usitafute mchekeshaji wako. Cha kuiga ni kwamba sauti yake haikuwaongezea wenzake hofu waliyokuwa nayo tayari. Kama wewe si mtu wa maneno, nyamaza, utoe mpango vizuri. Hotuba za kupiga makelele zinawafaa wachache, na asilimia kubwa ya wanaojaribu wanachekesha.

Yule kijana uliyempiku namba lazima umfikirie. Mwaka 2017 timu ya NFL ya Kansas City ilimchukua kwotabeki kijana Patrick Mahomes huku Alex Smith akiwa ndiye mwenye namba, na kila mtu alijua maana yake: siku moja Smith atampisha. Smith aliendelea kumwachia kijana aone anavyojiandaa tangu mwanzo wa wiki hadi siku ya mechi, na msimu huohuo yeye mwenyewe akaongoza ligi nzima kwa alama za ufanisi wa kurusha. Kwa hiyo usiwaze kwamba ukimfundisha mwenzako utapungukiwa. Tazameni video pamoja. Ukitoka uwanjani, muulize ameona nini, kwa sababu yeye alikuwa anatazama kwa utulivu. Ikitokea siku namba imekwenda kwake, wewe ndiye utakayesimama pembeni ukituma ishara, na uzitume vizuri.

Hapa sasa nakuambia kama mama. Ukigongwa kichwa ukaona ukungu, ukasikia kichefuchefu, ukasahau mpango au mwanga ukakuumiza macho, toka. Najua utaambiwa kiongozi haachi wenzake. Kwotabeki mwenye mtikisiko wa ubongo huchelewa kuamua, husoma ulinzi vibaya, hurusha kwa waliobanwa, na wapokeaji ndio wanaogongwa kwa hesabu zake mbovu. Wakubwa wako wa pale mbele waambie mapema, kabla ya msimu: wakikuona umetoa mpango uleule mara mbili au unaelekea upande usio wako, wamwite kocha bila kukuomba ruhusa. Siku hiyo hutarudi uwanjani, na ni sheria. Baada yake ni daktari anayeamua, si wewe wala mimi.

Na hao watano wa mbele: hawadaki mpira, hawapigwi picha, na majina yao hutajwa wakikosea. Huko NFL kwotabeki huwanunulia zawadi za gharama mwisho wa msimu. Wewe huna hela, na mimi pia sina, lakini Alhamisi waje nyumbani wote watano. Nitapika pilau la kilo tatu za mchele, nijue mapema kama kuna asiyekula nyama. Mwulize kila mmoja nani anamsumbua kwenye video ya wapinzani wa wiki hii, ili ujue upande gani uutoe mpira haraka.

Utabiri wa Ijumaa unasema mvua. Beba taulo mbili, moja yako na moja ya senta.

Mama yako