Chubwi zenye makunyanzi, msilaumu risasi

Mhariri, salaam. Vijana wanaojifunza kusubu chubwi za mshipi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha ndoana, huku kwetu Mombasa wana tabia moja, chubwi ikitoka na makunyanzi tu basi risasi ya fulani mbovu, wanachochea mkaa mpaka sufuria inafuka moshi na makunyanzi bado yapo. Jamani, mara nyingi hapo ni kalibu baridi, kile chombo cha chuma unachomiminia risasi! Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, ikigusa chuma baridi inaganda kabla haijafika kwenye kona, ile mistari unayoiona ni risasi imegandia juu ya risasi. Egemeza kalibu pembeni ya sufuria ipate moto, na zile chubwi za mwanzo mwanzo zirudishe zikayeyuke tena, usizionee huruma, kazi yake ni kupasha kalibu. Halafu mimina kwa mkupuo mmoja, ukikatakata mistari inarudi palepale.

Ikitoka nyeupe nyeupe haing'ai, hapo moto umezidi. Kwa chubwi si neno, samaki haangalii sura, lakini mapafu yako yanajua. Vishimo vidogo mara nyingi ni mafuta yaliyobaki ndani ya kalibu au uchafu wa juu ambao hukuuengua kabla ya kuchota. Na maji ndo usiseme, kijiko kimetoka kuoshwa kina tone moja tu, ukikizamisha lile tone linageuka mvuke ghafla na risasi inakurukia usoni, watu wanafanya hivyo ufukweni kifua wazi na miwani hawana.

Kitu kingine, vile vipande vya kubalansi magurudumu mnavyoyeyusha kupata risasi, siku hizi vingine ni zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo moto ukiwa wa wastani inaelea juu unaiengua, ukichochea kama wazimu inaingia ndani na risasi yako inakuwa uji, haijazi kalibu tena.

Betri za gari, hata kama ndani zina risasi, ndo msiguse kabisa. Si tuliona mtaa wa Owino Uhuru hapahapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyowaumiza watu, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Sasa wewe unaifanya nyuma ya nyumba watoto wanazunguka, na jioni sufuria ileile inarudi jikoni kupikiwa maharage?

Mvuvi, Mombasa