Mtoto amelipiwa akademi, mbona anakaa benchi?

Mhariri,

Naandika juu ya hizi akademi za mpira za watoto ambazo siku hizi ziko kila mtaa huku Eastlands, Umoja, Kayole, Dandora, kote. Sina ubaya na akademi zenyewe, heri mtoto awe kiwanjani kuliko ashinde kwa simu. Shida yangu ni benchi. Mzazi analipa fii ya mwezi, ananunua jezi na viatu, anatoa tena nauli ya mechi na pesa ya refa, halafu Jumamosi mtoto wa miaka tisa anakaa kando ya uwanja asubuhi nzima aking'oa nyasi, timu inaongoza mabao manne na bado haingizwi, anarudi nyumbani na ile jezi uliyoipiga pasi usiku ikiwa safi vilevile. Nilimuuliza kocha wa kijana wangu akaniambia mama, tuko kwa ligi, tunatafuta pointi. Pointi za kupeleka wapi?

Kilichofanya niandike ni dadangu. Yeye ni nesi kule Cork, Ayalandi, na watoto wake wako kwa klabu ya pale wanapokaa, kijana anacheza halingi na msichana anacheza kamogi, ambayo ni halingi ya wanawake na ina chama chake tangu 1904. Kwa wale hawajawahi kuiona, ni fimbo ya mti wa ash yenye kichwa bapa na kampira kagumu ka ngozi, saizi ni kama ka tenisi tu lakini uzito ni kama mara mbili, wakubwa wanacheza 15 kila upande. Ukiupitisha mpira juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia kwa neti ni tatu. Mpira unapigwa hewani, fimbo zinapita karibu na vichwa, ndio maana tangu 2010 hakuna mtu anaruhusiwa kuingia uwanjani bila helmeti. Msiseme ni mambo ya wazungu tu, sisi wenyewe michezo ya fimbo tulikuwa tunaijua vizuri, 1971 kwa Kombe la Dunia la hoki kule Barcelona Kenya ilimaliza ya nne, nenda uwanja wa hoki wa City Park leo uulize vijana kama kuna anayejua.

Basi dadangu hunitumia video za huyo mpwa wangu akifanya mazoezi. Sheria hairuhusu uokote mpira chini na mkono, kwa hivyo anauvuta nyuma kidogo na ncha ya fimbo, anaichomeka fimbo chini yake haraka haraka, mpira unaruka, anaudaka. Ukishakuwa mkononi ni hatua nne tu, zaidi ya hapo lazima auweke juu ya fimbo akimbie nao hivyo bila kuuangusha. Ni ngumu! Kwa hiyo video unamwona akiukosa, anaukosa tena, wenzake wanampita, na hakuna mtu wa kumtoa aingize mkali, manake kule watoto wa chini ya miaka 12 mechi zao zina utaratibu mmoja, kila mtoto aliyekuja anacheza mechi yote. Uwanja unapunguzwa, timu zinakuwa ndogo ndogo ili kila mtu aguse mpira, hakuna jedwali la ligi na hakuna fainali. Na makocha wengi ni wazazi wenyewe wanaojitolea.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema hivyo ndivyo mnalea watoto walegevu, vipaji vitatoka wapi. Haya, nitajie mchezo wenye ushindani kuliko huo. Fainali yao ya wakubwa inachezwa Croke Park, uwanja wa watu zaidi ya elfu 82, na wanaocheza hawalipwi mshahara, ni walimu na wakulima wanarudi kazini wiki hiyo hiyo. Kijiji kidogo cha Ballyhale huko Kilkenny klabu yake imechukua ubingwa wa vilabu wa nchi nzima mara 9, na hapo ndipo alitoka Henry Shefflin, mchezaji wa halingi mwenye medali 10 za ubingwa wa nchi nzima akichezea timu ya kaunti yake. Mchezaji anachezea klabu ya kwao, kwa hivyo klabu haiwezi kwenda kununua wengine ikishafukuza watoto wake, lazima ilee hao hao iliopewa. Sisi tuko na watoto wengi mpaka tunawachezea, huyu akikaa benchi akichoka aende zake, kesho kuna mwingine na fii yake.

Sisemi kule ni mbinguni. Dadangu anasema wazazi wa huko pia hupiga kelele kando ya uwanja mpaka aibu, na wasichana wa kamogi walikuwa wanalazimishwa kuvaa zile kaptula zenye umbo la sketi hadi Mei 2025 ndio chama kikapiga kura waruhusiwe kaptula za kawaida. 2025! Lakini kwa hili la watoto wadogo wametushinda.

Na huku kwetu hilo jedwali ndilo mama wa maovu yote, ndilo linaleta mtoto "wa miaka 11" ambaye ndevu zinaanza kuota na sauti imeshavunjika, kocha anamkopa kutoka mtaa mwingine, cheti cha kuzaliwa ni cha mdogo wake, kila mtu pale anajua na kila mtu ananyamaza kwa sababu na yeye ana wake. Mimi makocha siwalaumu sana, wengi wanaishi kwa hiyo fii na bila kombe la kupiga nalo picha hawapati wazazi wapya.

Ombi langu kwa wanaopanga hizi ligi za mtaa ni moja, kwa wa chini ya miaka 12 futeni jedwali, na kila mtoto aliye kwa karatasi ya refa acheze angalau nusu ya mechi, refa aangalie hiyo kabla hajasaini. Haihitaji pesa ya mtu. Na nyinyi pia wa kurasa za michezo, mkiletewa picha ya timu ya watoto wameshika kombe, kabla hamjaichapa ulizeni wale wa mstari wa nyuma walicheza dakika ngapi.

Mzazi,
Umoja, Nairobi